Shetani wa Mpingo na Shairi Huru

Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1950, mjini Dar es Salaam, mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa alivunjikiwa mkono wa kinyago. Hakuutupa mpingo, aliuchonga upya, ukawa kiumbe asiyefanana na mtu. Iwe kweli au iwe ngano ya mafundi, mtindo wa shetani huhusishwa na jina lake. Huku Sudi, jirani na nyanda za Makonde, wapo waungwana wanaopamba kwa vinyago hivyo sebule zao, kisha hao hao hulikataa shairi huru kwa kuwa “halina umbo.”

Kaluta Amri Abedi alituchapia sheria za kutunga mwaka 1954. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, baadhi ya wanamapokeo walisema yale si mashairi. Mimi nimefundisha vina na mizani miaka mingi, wala siviachi. Lakini hukumu ile siikubali.

Mchongaji wa shetani aliacha ulinganifu wa mwili, hakuliacha gogo. Mpingo ni mgumu, una nyufa na uvungu; tezo huondoa ganda jeupe hadi kwenye kiini cheusi, na patasi hufuata pale gogo linaporuhusu. George Lilanga, aliyeanza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, alihamishia mashetani hao kwenye ubao na rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Marekani. Tangu 2004 zilikuwamo katika maonesho ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf. Masikio makubwa, vinywa wazi, miili inayobanana hadi pasibaki nafasi: hiyo ndiyo mizani yake, na mkono wa mchongaji ungali unaonekana.

Basi namuuliza mtunzi kijana: gogo lako ni lipi? Kiswahili kina silabi wazi, mkazo unaotua kabla ya silabi ya mwisho, na upatanisho wa ngeli unaoita sauti kwa sauti hata pasipo kina. Mengi ninayosoma siku hizi (na nasoma mengi, kustaafu kuna faida zake) ni nathari iliyokatwakatwa mishororo. Mtunzi hakuisikiliza lugha. Nao wanamapokeo wenzangu, kabla ya kuhesabu mizani, walisome shairi hilo kwa sauti, mara mbili, ndipo watoe hukumu.