ZINJA SI BABU YAKO, MSHAIRI

Jamani, tuache. Kila kijiwe cha mashairi ninachokwenda huku Goba hakikosi kijana wa kusimama, kukohoa kidogo, halafu kumlilia "babu Zinja". Babu wa Olduvai, babu wa Bongo, babu wa dunia nzima! Watu wanapiga makofi. Mimi nimechoka kupiga.

Kwanza, ndugu mshairi, makumbusho unaijua? Sisemi ile Makumbusho ya kushukia daladala Kijitonyama. Nasema Makumbusho ya Taifa, mjini, Mtaa wa Shaaban Robert. Fuvu la Zinjanthropus liliokotwa vipande vipande na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, na lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Tazama magego: mapana mno, ya kwako ni punje tu. Utosini pana ukingo wa mfupa ulioshika misuli ya kutafunia. Ubongo haufiki hata nusu ya wako (ingawa kwa mashairi mengine ninayoyasikia, nasita).

Aliyeanza kumwita babu ni Louis Leakey mwenyewe. Lakini mwaka 1964 yeye na wenzake wakamtangaza zamadamu mwingine wa bonde lile lile, Homo habilis, mwenye ubongo mkubwa zaidi. Hawa wawili hawakupokezana kijiti, bwana. Waliishi zama moja, pale pale! Leakey akakubali kwamba mtengeneza zana si Zinja. Mzungu kafuta kauli yake, wewe unang'ang'ania nini?

Hata chakula walipishana. Mwaka 2008 Fidelis Masao, Mtanzania mwenzetu, alikuwa mmoja wa waliochapisha uchunguzi wa kemikali ya meno yao. Jamii ya Zinja, yule tuliyeambiwa ni mvunja karanga, ilionekana kutegemea zaidi mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo. Habilis alichanganya zaidi. Baadaye kina Zinja wakatoweka wote, bila kitukuu. Tawi lilikauka.

Najua mtanijia juu: "Unatunyang'anya fahari yetu!" Fahari gani? Mtaani mtu akikuuliza, kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wapo, wewe na foleni yako ya babu mmoja mmoja huna jibu. Mwenye picha ya mti wenye matawi analo. Aibu yako inatupaka sote tunaojiita waandishi.

Na jina je? Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu huu. Wataalamu sasa wanamwita Paranthropus boisei, na huyo Boise ni Charles Boise, aliyetoa fedha za kuchimbia. Pwani imebaki na lakabu, mfadhili kabaki na jina. Hilo hamjaliandikia hata ubeti mmoja!

Jumamosi naenda kumwona tena. Asiye na nauli aniambie mapema, tutachangishana.