MAMBO YA BARAZA: SHAURI LA BAJETI HALIANZI MWEZI WA JUNI

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni maneno huwa mengi katika nchi ya Suba Kusini. Katika soko la Sindo, ufukoni mwa Ziwa penye kuanikwa omena, na hata katika ofisi za makarani, husikika neno moja: "Kaunti haikutukumbuka." Wengine humlaumu mwakilishi wa wadi, wengine humlaumu gavana, na wengine husema kwamba mikutano ya kaunti ni ya kupoteza wakati tu. Juma hili twataka kulitazama jambo hili kwa utaratibu. Twaona kwamba wengi wa wanaonung'unika walikuwa na haki ya kusikilizwa, walakini walibisha hodi mlango ukiwa umekwisha fungwa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa katika Kenya mwaka 1924, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana DC. Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya mabaraza ya wilaya ya Waafrika, na South Nyanza ilikuwa na baraza lake. Mwaka 1963 yakaja mabaraza ya kaunti, nayo yalisimamia shule za msingi, afya na barabara. Lakini mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuyaondolea kazi hizo tatu, na tangu mwaka 1970 zikawa mikononi mwa Serikali Kuu. Baraza likabaki na ushuru wa soko na leseni, na watu wakazoea kulidharau.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyageuza mambo hayo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza 175 ya zamani yakafutwa na mahali pake pakawekwa serikali 47 za kaunti. Hizi ndizo zilizopewa zahanati na hospitali za wilaya, barabara za kaunti, masoko, maji, kilimo na uvuvi, shule za chekechea, vivuko vya ziwani, na mipango ya ardhi. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na polisi, zilibaki kwa Serikali Kuu. Mtu asimame basi katika mkutano wa kaunti akiwa anajua jambo lipi ni la nani. Anayeliuliza Bunge la Kaunti habari za walimu wa sekondari huwamalizia wenzake muda.

Sasa tutazame hesabu. Bunge la Kaunti ya Homa Bay lina wawakilishi 40 wa kuchaguliwa na wadi, mbali na wale wa kuteuliwa. Suba Kusini ina wadi 4. Maana yake ni kwamba watu wa pande za Sindo wana sauti 4 kati ya 40. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370 kutoka Hazina ya Taifa, na fungu la Homa Bay lilikuwa karibu bilioni 7.8. Ni fedha nyingi kwa kuzisikia. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti hiyo ina watu 1,131,950. Ukizigawa, kila mtu, mzee na mtoto, apata kama shilingi 6,900 kwa mwaka mzima. Humo hutolewa mishahara ya wauguzi na makarani, dawa, mafuta ya magari na kodi za ofisi. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwekewe kazi za maendeleo, nayo ni kama shilingi 2,000 tu kwa kila mtu. Fungu likiwa dogo namna hiyo, kila daraja lijengwalo kwa mmoja ni daraja lililokosekana kwa mwingine. Ndiyo sababu mkutano wa bajeti si mahali pa hotuba. Ni mahali pa kuchagua.

Je, kuchagua huko hufanyika lini? Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini shughuli ya kuutengeneza huanza miezi kumi nyuma yake. Kufika tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hupaswa kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hutaja kazi zinazokusudiwa. Kufika tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa sera ya fedha, ambao huonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufika tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio yenyewe. Kamati ya bajeti hupaswa kusikiliza maoni ya watu, kisha Bunge lapitisha makadirio hayo kabla ya tarehe 30 Juni. Baada ya sheria ya matumizi kupitishwa, katika siku 90 hufuata sheria ya fedha, ambayo ndiyo ipangayo ushuru wa soko, leseni na ada nyinginezo.

Juu ya yote hayo pana mpango wa miaka mitano, na sheria ya mwaka 2012 yakataza kutenga fedha za umma nje ya mipango iliyokubaliwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu akija mwezi wa Juni kuomba zahanati ambayo haimo katika mpango wowote, hata mwakilishi mwema hana la kumfanyia. Wakati huo Bunge haliwezi kuongeza mahali pasipo kupunguza mahali pengine. Mwezi wa Agosti mtu huomba kazi iandikwe. Mwezi wa Juni huomba mwenzake anyang'anywe. Maombi hayo mawili hayana uzito mmoja.

Pamoja na wakati, pana jambo la pili, nalo ni namna ya kusema. Tufanye mfano. Katika mkutano wa wadi anasimama mkulima mmoja na kusema, "Sisi twataka barabara." Karani anaandika neno "barabara." Neno hilo hilo laandikwa katika wadi nyingine zote 39, na likifika mezani kwa wakubwa halina tofauti na mengine. Kisha anasimama mkulima wa pili. Yeye anasema kwamba njia itokayo kijijini kwao mpaka sokoni hukatwa na maji mahali pawili wakati wa masika. Kwamba makalvati mawili yatatosha. Kwamba mahindi ya nyumba kadhaa, ambazo amezihesabu, huozea ghalani. Kwamba mama wajawazito hubebwa kwa machela mpaka ng'ambo ya kijito. Na kwamba wenye mashamba ya kandokando wamekubali kwa maandishi kutoa ardhi. Anampa msimamizi wa wadi karatasi yake, na nakala yake anaomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Huyu wa pili hajaahidiwa kitu. Lakini mwaka ujao ana neno la kuuliza, na anayeulizwa ana neno la kujibu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Twaweza kuongeza kwamba na ombi bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Hapa makarani wetu wana wajibu mkubwa. Makaratasi ya bajeti huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na marefu, na wakulima na wavuvi wengi hawawezi kuyafuata. Kama kila karani wa Sindo angekaa na majirani zake jioni moja tu, akawafasiria kwa Kijaluo au kwa Kiswahili ukurasa ule unaotaja wadi yao, mkutano wa kesho yake ungekuwa mkutano mwingine kabisa. Kisomo ambacho hakiwafai majirani ni taa iliyofunikwa kwa chungu.

Tusisahau habari za viwanja na mipango ya mji, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mji unaokua kama Sindo lazima ujue wapi patakuwa maduka, wapi patakuwa nyumba za kukaa, wapi pa kuchinjia, wapi pa choo cha umma, na wapi wavuvi watavuta mitumbwi na kuanika samaki. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kipimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964, na watu wengi wa kando ya Ziwa walihama nyumba na maduka yao. Msiba huo ulitufundisha kwamba mpango wa ardhi si michoro ya mabwana wa ofisini. Ni kinga ya mali ya watu.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi yataka kila kaunti iwe na mpango wake, na watu watangaziwe na kupewa muda wa kutoa maoni. Tena yasema kwamba mtu asijenge wala asibadili matumizi ya kiwanja bila kibali cha kaunti. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Maneno hayo ni mazuri kwa mjenzi, lakini ni ya hatari kwa majirani wasiouliza, maana ofisi ikinyamaza ukuta waweza kuinuka. Mwenye kudhulumiwa na uamuzi anazo siku 14 tu za kukata rufani mbele ya kamati ya usuluhishi ya kaunti. Akiona mawe yamemwagwa katika kiwanja cha soko, naye akasubiri kwanza mavuno yaishe, siku zake zimekwisha.

Mtu mmoja atauliza: "Na kama hawatuiti kabisa?" Jibu lipo, na lilitolewa na Mahakama Kuu. Tarehe 17 Aprili 2014, Jaji G. V. Odunga aliifuta sheria ya fedha ya mwaka 2013 ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba kushirikisha watu kuwe kwa kweli, wala si kutimiza desturi tu, na kwamba watu watafutwe huko wanakokusanyika: makanisani, misikitini, katika mabaraza, na kwa redio za lugha zao. Basi tangazo lililobandikwa katika mlango wa ofisi mjini Homa Bay halitoshi kwa mvuvi wa Sindo. Tena Katiba, katika kifungu cha 196, yaagiza kwamba Bunge la Kaunti na kamati zake zikutane hadharani. Mtu yeyote aweza kwenda kusikiliza, na aweza kupeleka malalamiko yake kwa maandishi.

Lakini haki isiwe ya upande mmoja. Katika mikutano mingi watu huja wakitazamia soda na nauli, na visipopatikana huondoka kabla ya ukurasa wa pili. Wenye sauti kubwa husema mara tatu, na wengine hawasemi hata mara moja. Mkutano hupangwa siku ya soko, na akina mama wauza samaki, ambao ndio walipa ushuru wa kila siku, hukosa kuwapo. Asiyekuwapo na lake halipo. Wazee wa mtaa waweza kuliondoa kosa hilo kwa kumwomba msimamizi wa wadi mapema abadili siku, na kwa kuwapa akina mama nafasi ya kwanza ya kusema habari za choo, maji na taa za soko.

Mwisho, bajeti ikipita kazi haijaisha. Fedha haitoki katika mfuko wa kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye hutoa taarifa za matumizi ya kila kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hukagua baada ya mwaka kwisha. Taarifa zao ziko wazi kwa kila mtu. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yaipa ofisi ya Serikali siku 21 za kumjibu mwananchi aombaye karatasi. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba zahanati fulani ilitengewa fedha, naye anapita hapo kila siku akaona majani tu, asimalize hasira yake kwa maneno ya kilabuni. Aandike barua, aulize fedha hiyo ilitolewa lini, alipewa nani, na kazi imefika wapi.

Twajua kwamba hata mtu akifanya haya yote aweza kukosa. Fedha kutoka Nairobi mara nyingi huchelewa, na mahitaji ni mengi kuliko mfuko. Lakini pana tofauti kubwa kati ya mtu aliyekosa baada ya kupimwa na wenzake, na mtu aliyekosa kwa kuwa jina la kijiji chake halikuandikwa mahali popote. Huyu wa kwanza ana zamu yake mwakani. Huyu wa pili hana zamu.

Basi kila mwenye nyumba na aziandike tarehe hizi ukutani: 1 Septemba, 28 Februari, 30 Aprili, na 30 Juni. Na katika hizo nne, aliyo na haraka zaidi nayo iwe ile ya kwanza.