Mionzi ya ziwani: Tope lisihukumu vitunguu

WAFUGAJI wa Endulen wilayani Ngorongoro na wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wilayani Karatu ni majirani wa Ziwa Eyasi, lakini riziki zao hazitegemei kitu kimoja. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua nini kipimwe pale linapozuka suala la mionzi ya asili.

Miamba ya Bonde la Ufa ina urani na thoriamu kwa asili yake, na mvua huvisomba hadi ziwani. Katika maji ya magadi, urani huelekea kubaki imeyeyuka, wakati radiamu kwa kawaida hunasa kwenye tope. Kwa hiyo, kipimo cha tope si kipimo cha maji.

Mfano ni Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako fosfati ya mbolea huchimbwa kwenye masalia ya ziwa la kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta radiamu-226 ya zaidi ya bekereli 5,000 kwa kilo ya fosfati, ilhali wastani wa udongo duniani ni kama 30. Hata hivyo, maji ya juu ya ardhi hayakufikia hata bekereli 1 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa.

Vitunguu vya Mang'ola humwagiliwa kwa chemchemi za Qangded, si kwa maji ya ziwa. Mnunuzi akishusha bei ya gunia kwa sababu ya tarakimu za tope, mkulima ameadhibiwa bure. Kwa mfugaji ni kinyume: ng'ombe akilamba udongo wa chumvi, udongo huo ndio wa kupimwa. Vivyo hivyo magadi yanayouzwa sokoni.

Aidha, kipimo cha mionzi hakionyeshi floraidi, tatizo la siku nyingi la maji ya ukanda huu. Hiyo hupimwa peke yake.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) hupima vyakula na kutoa vyeti vya mionzi. Vikundi vinaweza kuchangia gharama, lakini viwe na subira: sampuli ya tope hukaushwa, kisha hufungwa takriban mwezi mmoja kabla ya kusomwa.

Majibu yakitoka, yaulizwe maswali matatu: kimepimwa nini, kimechukuliwa wapi, na ni bekereli ngapi kwa kilo au kwa lita? Bila majibu hayo, bei isiguswe.