MOTO NDANI YA CHOMBO: KUTOKA MTUNGI WA GESI HADI JIKO LA UMEME

Tarehe 1 Januari 2026 ilianza kutumika huko Norway sheria inayozitaka meli za abiria zisizofikia tani 10,000 za ujazo zisafiri bila kutoa hewa ya ukaa ziingiapo katika hori za bahari zilizohesabiwa kuwa urithi wa dunia, kama vile Geirangerfjord na Nærøyfjord. Meli kubwa zaidi zimepewa muda hadi mwaka 2032. Nao Umoja wa Ulaya umekwisha kuamua kwamba kuanzia mwaka 2030 meli za abiria na za makontena zitakazofunga gatini katika bandari zake kuu zitumie umeme wa nchi kavu, badala ya kuendesha mitambo yake muda wote ziwapo bandarini.

Wengi wameyapokea maazimio hayo kama habari za injini. Sisi tungependa kuyatazama kutoka mlango wa jikoni. Chombo kikishapata betri kubwa na waya wa kukitia umeme bandarini, mwenye chombo hujiuliza mara moja: kwa nini niendelee kubeba mitungi ya gesi chini ya sitaha? Ndiyo maana katika mifereji ya Uingereza, katika pwani za Ulaya na za Marekani, wenye mashua wengi wameanza kung'oa majiko ya gesi na kuweka majiko ya umeme yaitwayo majiko ya indaksheni. Jambo hili lawahusu pia askari na polisi, maana wao hulala, hupika na hufanya doria ndani ya vyombo. Tena ajali inapotokea majini, wao ndio wa kwanza kuitwa.

HATARI YA GESI

Gesi ya kupikia iliyomo katika mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa: propeni kwa kadiri ya mara moja na nusu, na buteni kwa kadiri ya mara mbili. Katika nyumba ya nchi kavu gesi ikivuja hutambaa sakafuni na kutokea mlangoni. Chombo cha majini, kwa kuwa kimeundwa kisipitishe maji, hakina tundu chini. Kimekaa kama bakuli. Gesi inayovuja huteremka hadi ngamani na kutulia humo, ikingojea cheche ya swichi au ya injini inayowashwa alfajiri.

Kiasi kinachohitajika ili kuleta maafa ni kidogo. Hewa ikiwa na sehemu mbili tu za gesi hiyo katika kila sehemu 100, yaweza kulipuka. Kilo moja iliyovuja inatosha kuijaza nafasi ya mita za ujazo 25 kwa mchanganyiko wa kulipuka, na vyumba vya mashua nyingi za doria havifikii ukubwa huo.

Adui wa pili haonekani wala hanuki. Moto wa gesi usiopata hewa ya kutosha hutoa sumu ya kaboni monoksaidi. Mnamo Januari 2014, katika bandari ya Whitby nchini Uingereza, wavuvi wawili walikutwa wamekufa ndani ya mashua yao iitwayo Eshcol. Wachunguzi wa ajali za majini walieleza kwamba jiko la gesi lilikuwa limeachwa likiwaka ili kupasha joto mahali pa kulala, na hapakuwa na kengele ya kutambua sumu hiyo. Watu hao hawakupigwa na dhoruba wala hawakugonga mwamba. Walikuwa wamelala gatini.

Tena kuna unyevu. Kila kilo ya propeni inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji yaliyo katika hali ya mvuke. Maji hayo hugandamana na kuta za chombo, yakaozesha magodoro, yakatia kutu silaha na kuharibu vyombo vya simu ya upepo. Askari aliyelala katika mashua iliyofungwa madirisha anaijua hali hiyo vizuri.

JIKO LENYEWE HUFANYAJE KAZI?

Jiko la indaksheni halina mwali wala waya mwekundu. Chini ya kioo kigumu kuna msokoto wa waya wa shaba unaopitishiwa umeme unaobadilika maelfu ya mara kwa nukta moja. Umeme huo huzaa nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo huamsha joto ndani ya kitako cha sufuria yenyewe. Kioo hupata joto kwa sababu tu sufuria imekaa juu yake. Ukiondoa sufuria, upashaji joto hukoma.

Kwa njia hii, sehemu 85 hivi katika kila 100 za nguvu ya umeme huingia katika chakula; kwa gesi ni karibu 40 tu, na zilizobaki humwunguza mpishi na kukijaza chumba joto. Kuchemsha lita moja ya maji kwa jiko la indaksheni kwahitaji kadiri ya yuniti 0.11 ya umeme.

Lakini sufuria lazima iwe ya chuma kinachonaswa na sumaku. Sufuria zetu za alumini, ambazo ndizo zimejaa katika kambi na masoko ya Afrika Mashariki, hazitapata joto hata zikikaa juu ya jiko hilo siku nzima. Anayetaka kujua achukue sumaku ndogo aiweke chini ya sufuria: ikishika, sufuria hiyo yafaa, ikianguka, haifai. Kwa hiyo bei ya jiko ni mwanzo tu wa hesabu.

HESABU YA MTUNGI NA BETRI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtungi wa gesi wa kilo 13 una joto la yuniti 166 hivi. Hata tukiondoa lile linalopotea, zinabaki yuniti 66 zinazoingia sufuriani. Betri ya lithiamu ya yuniti tano, yenye uzito wa kilo 50 hivi, haiwezi kushindana na hazina hiyo: zingehitajika betri zaidi ya 15 ili kupika kilichopikwa kwa mtungi mmoja. Gesi, pamoja na ubaya wake wote, ni ghala kubwa katika chombo kidogo.

Ubora wa betri ni kwamba hujazwa tena bila kurudi dukani. Tufikirie mashua yenye watu wanne. Chai ya asubuhi, ugali wa mchana na maharagwe ya jioni, ukijumlisha na umeme unaopotea njiani, vyaweza kula yuniti mbili na ushei kwa siku. Betri ya yuniti tano itatosha kwa siku mbili hivi. Paneli za jua za wati 400 katika jua letu la ikweta zaweza kurudisha yuniti moja na nusu hadi mbili kwa siku isiyo na mawingu. Kwa hiyo mashua inayorudi gatini kila baada ya siku mbili au tatu na kukuta umeme wa nchi kavu yaweza kuishi bila gesi. Ile inayokaa wiki mbili mbali na bandari katika majira ya mvua haiwezi, isipokuwa iwe na betri na paneli nyingi zaidi.

Waya nao una hesabu yake. Jiko la wati 2,000 linalolishwa na betri ya volti 12 kupitia inveta huvuta kadiri ya ampea 180. Huo ni mkondo mkubwa. Waya mwembamba hupata moto hata ukaunguza mbao, na kiungo kilicholegea huyeyuka. Fundi wa redio za nyumbani asikabidhiwe kazi hiyo. Inatakiwa fyuzi kubwa karibu na betri, waya mnene na mfupi, na swichi ya kukata umeme wote inayofikika gizani.

HATARI HUHAMA

Ndugu wasomaji, mtu akiambiwa kwamba umeme umeondoa hatari ndani ya chombo, asikubali upesi. Norway, iliyoanza mwaka 2015 kuendesha kivuko cha kwanza duniani cha magari kinachotumia betri peke yake, kiitwacho Ampere, ndiyo pia iliyopata mafunzo makali. Mnamo Oktoba 2019 chumba cha betri cha kivuko cha Ytterøyningen kilishika moto. Moto ulizimwa, kivuko kikarudi bandarini, na asubuhi yake ukatokea mlipuko chini ya sitaha, uliosababishwa na gesi zilizotoka katika betri zilizoharibika. Mnamo Machi 2021 chombo kingine, Brim, kilipatwa na moto wa betri baada ya maji ya bahari kuingia katika chumba chake cha betri.

Betri za vyombo hivyo ni kubwa mno kuliko za jiko la mashua, na zile za lithiamu na fosfati ya chuma zinazotumiwa sana katika mashua ndogo haziwaki kwa wepesi kama za aina nyingine. Hata hivyo funzo ni moja. Moto wa betri unaoonekana umezimika haujaisha. Waweza kutoa gesi za sumu na kulipuka saa nyingi baadaye. Polisi au askari anayefika mahali pa ajali ya namna hiyo asikimbilie kuingia chini ya sitaha kwa kuwa tu haoni moshi. Awaweke watu mbali, na awangojee wazima moto wenye vifaa vya kupumulia.

Vilevile, umeme hauna maana kama unatoka katika chanzo kibaya. Tarehe 1 Aprili 2013, katika ziwa la Windermere nchini Uingereza, mama na binti yake walikufa ndani ya mashua kwa kaboni monoksaidi iliyotoka katika jenereta ya petroli iliyokuwa imefungwa chomboni kwa bomba la moshi la kubuni. Mtu anayeondoa jiko la gesi kisha akaweka jenereta chini ya kitanda chake ameibadili njia ya kifo tu.

NANI ANAKAA MACHO?

Tarehe 2 Septemba 2019, karibu na kisiwa cha Santa Cruz katika jimbo la California, mashua ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku na kuzama. Watu 34 waliokuwa wamelala chini walikufa. Wachunguzi hawakuweza kukithibitisha chanzo cha moto, kwa kuwa chombo kilikuwa kimeteketea, ingawa walitaja betri za lithiamu zilizokuwa zikitiwa umeme bila mtu wa kuzitazama kuwa moja ya mambo yanayowezekana. Walilolithibitisha ni hili: hapakuwa na baharia wa zamu aliyezunguka chomboni usiku ule. Mwaka 2023 nahodha alipatikana na hatia mahakamani.

Hili askari hahitaji kufafanuliwa. Kambi isiyo na mlinzi huvamiwa, hata kama ukuta wake ni wa mawe. Jiko la gesi likiwa na kabati lake linalotoa uvujaji nje ya chombo, mpira usiochakaa, vali inayofungwa kila baada ya kupika na kengele ya sumu, laweza kutumika miaka mingi bila ajali. Jiko la umeme lililofungwa ovyo laweza kuiteketeza mashua katika usiku wa kwanza.

YATUPASAYO

Kwa maoni yetu, safari ya kuelekea umeme ni njema, na majeshi ya majini yaliitambua zamani: nyambizi hupika kwa umeme kwa sababu ndani yake mwali wa wazi haukubaliki. Kwa nchi zetu kuna sababu nyingine. Gesi ya kupikia inayotumika Uganda hununuliwa nje na kupitia bandari za Kenya na Tanzania, ilhali umeme wake hutokana hasa na maji ya Mto Nile yatokayo katika Ziwa Viktoria lenyewe. Bwawa la Karuma peke yake, lililozinduliwa Septemba 2024, lina uwezo wa megawati 600. Kikosi kinachopika kwa nishati ya nyumbani hakisimamishwi na lori lililokwama mpakani.

Lakini mpango wowote wa kubadili majiko ya vyombo uanze na maswali haya. Je, gati la chombo lina umeme wa kuaminika? Je, betri imewekwa mahali pakavu, palipo juu ya ngama na penye hewa? Je, fundi aliyefunga waya anaujua mkondo wa ampea 180? Je, sufuria zinanaswa na sumaku? Na usiku, nani ana zamu ya kuzunguka? Pasipo majibu, ni heri kuutunza vizuri mtungi uliopo kuliko kununua jiko jipya kwa ajili ya fahari.

Na kengele ya kaboni monoksaidi isingoje mpango wowote. Bei yake ni ndogo, hufungwa ukutani kwa dakika chache, na wavuvi wa Whitby walilala bila kuwa nayo. Makamanda wanaosimamia vyombo vya ziwani wanaweza kuanza na hiyo wiki hii, kabla betri hata moja haijanunuliwa.