Tuzo Ziamuliwe na Waliohudumiwa

Mwaka wa Rotary huisha Juni 30, na wa Lions vilevile. Msimu huo ukifika, Nairobi hujaa karamu za tuzo: suti, gauni, keki, vyeti. Klabu bora. Mradi bora. Mwanachama bora. Sina noma na sherehe. Mtu aliyejitolea mwaka mzima bila kulipwa anastahili makofi. Swali langu ni moja: nani anahesabu, na anahesabu nini?

Tuanze na pesa. Paul Harris alianzisha Rotary kule Chicago mwaka 1905. Leo heshima inayobeba jina lake humwendea anayechangia dola 1,000 kwa wakfu wa Rotary, au anayechangiwa kwa jina lake. Lions nao, waliozaliwa mji huohuo mwaka 1917, wana heshima ya Melvin Jones. Kiasi? Dola 1,000. Najua pesa hizo zina kazi. Rotary imepambana na polio duniani tangu 1985, na Lions wana hospitali ya macho pale Loresho. Shukrani kwao. Lakini mchango tuuite mchango. Kijana anayepanda matatu mbili kila Jumamosi, kwa nauli yake, kwenda kuzoa taka kando ya mto Mathare, dola 1,000 atazitoa wapi?

Sasa tuje kwa zile tuzo za miradi. Nimekaa kwenye klabu ya vijana miaka minne na nimeona ripoti zinavyoandikwa. Klabu inajiandikia yenyewe: miche 500 imepandwa, picha hizi hapa. Hakuna anayeuliza ni mingapi bado iko hai. Kuna klabu ilibeba tuzo ya mazingira huku miche yake ishaliwa na mbuzi.

Na si ati hatujui njia nyingine. Green Belt Movement, ambayo Wangari Maathai aliianzisha mwaka 1977, iliwapa akina mama malipo kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Kuuchomeka tu ardhini hakukutosha. Hesabu ni hiyo, na tunayo hapa nyumbani.

Kwa hivyo nasema hivi: karatasi ya alama wapewe waliohudumiwa. Miezi sita baada ya mradi, aulizwe mwalimu mkuu, nesi wa zahanati, mwenyekiti wa chama cha akina mama. Kile kitu bado kinafanya kazi? Nani alirudi kukiangalia? Mngependa warudi tena? Basi. Majibu hayo ndiyo yaamue nani apande jukwaani, na akiitwa, asidaiwe tiketi ya karamu.

Kuna watakaosema watu wa mtaa watampa alama aliyeleta unga mwingi. Hiyo ni dharau, tena ya waziwazi. Mama wa Mukuru anamjua aliyeleta unga siku ya kamera, na anamjua aliyerudi kuuliza kama bomba bado linatoa maji. Kama tunamwamini vya kutosha kumpiga picha akipokea, tumwamini pia akihukumu.

Klabu ambayo inaogopa hukumu yake, tuzo yake ni ya nini?