Haki ya Njia na Jicho la Mtambo



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya darsa la akina mama katika mtaa wa Tena, huku Nairobi, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakivaa viatu. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kutoka shule anakosoma mwanawe wa gredi ya pili. Shule inawaarifu wazazi kwamba gari la wanafunzi litafungwa kifaa cha kufuatilia mwendo na mahali lilipo, pamoja na kamera ndani yake, na kwamba kila mzazi atachangia gharama.

“Sheikh,” akasema, “nina maswali mawili. Hii kamera si ndiyo kule kupelelezana tulikokatazwa? Na la pili, gari lenyewe lina viti kumi na vinne, na asubuhi watoto huwa ishirini na wawili. Hicho kifaa kitawahesabu?”

Swali la kwanza tulikuwa na mlango wa kulijibia. La pili lilitunyamazisha, na ndilo lililotufanya tuandike safu hii. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu watatuwia radhi tukikaa Tena leo. Wengi wenu mna watoto na wajukuu waliohamia huku kwa ajili ya kazi, na magari ya shule ya Kisauni na Likoni hayajazidi haya kwa nafasi.

Barua ile haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, ile ijulikanayo kwa herufi NTSA, zilichapisha rasimu za kanuni mpya na kuwaita wananchi watoe maoni. Rasimu moja ilihusu usafiri wa wanafunzi: rangi ya manjano, mikanda inayomfaa mtoto, na msimamizi wa kuwashusha na kuwapandisha. Nyingine ilihusu ukaguzi wa magari, yakiwemo ya watu binafsi yaliyopita miaka 4 tangu kuundwa. Nyingine ilikuwa juu ya ulevi na uendeshaji. Nyingine ikagusa magari ya biashara, ambayo yangetakiwa kubeba vifaa vya kurekodi mwendo na safari ili taarifa zake ziweze kufuatiliwa. Tulipouliza darasani ni nani aliyepeleka maoni yake, hakuinuka mkono hata mmoja. Hata wetu haukuinuka. Tulikuwa tumeona tangazo gazetini, tukalipita kama tunavyolipita tangazo la mnada.

Na jambo lenyewe si dogo. Kwa hesabu za NTSA, mwaka 2024 watu 4,748 walikufa barabarani nchini Kenya, wakiwa wameongezeka kuliko 4,324 wa mwaka uliotangulia. Kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Kwa lugha ya nyumbani, huyo ni mama anayevuka na mfuko wa mboga, na mtoto anayetoka chuoni na msahafu kifuani.

Watu wa Tena hawahitaji kusimuliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013, asubuhi watu wakienda kazini, basi la abiria liligongwa na treni pale kwenye kivuko cha reli cha Mutindwa. Walikufa zaidi ya watu 10 na wengi wakajeruhiwa. Mpaka leo wako akina mama wanaoshuka kwenye gari kabla ya kuvuka reli, wakavuka kwa miguu, kisha wakapanda tena ng’ambo ya pili. Makanga wapya huwacheka. Makanga wa zamani huwangoja.

Sasa turudi kwenye dini. Wako wanaodhani habari za barabara ni za serikali na msikiti hauna neno. Wanasahau kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipozihesabu tanzu za imani, zile sitini au sabini na kitu, aliweka juu kabisa tamko la tauhidi, na ya chini akaitaja kuwa ni kuondoa cha kudhuru njiani. Kitu cha chini katika imani bado kimo ndani ya imani. Tena katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, amewafundisha masahaba kwamba njia ina haki yake juu ya wanaoitumia, na katika haki hizo ni kujizuia kuudhi watu, na kuamrishana mema na kukatazana maovu papo hapo njiani.

Wala tusiseme ajali ni kadari, tukafunga mlango. Kadari tunaiamini. Lakini katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu amemwekea hukumu hata yule aliyeua kwa kukosea: fidia kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata basi afunge miezi miwili mfululizo. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamemtia katika hukumu hiyo dereva aliyeua kwa uzembe wake, kwa kuzidisha mwendo, au kwa kuingia barabarani na breki anazojua kuwa ni mbovu. Ingekuwa kadari inafuta dhima, funga hiyo ya siku sitini ingekuwa ya nini? Tungependa madereva wetu Waislamu waisome aya hii pamoja na ile dua ya kupanda chombo, ambayo wengi wameibandika kwenye kioo cha mbele.

Hapa tunalazimika kujitia wenyewe kizimbani. Miaka kadhaa iliyopita, katika Ramadhani, tulikuwa safarini kwa basi kutoka Mombasa kuja Nairobi. Tulisali Alasiri Mackinnon Road, tukachelewa kuondoka. Abiria wengi walikuwa wamefunga na walitaka futari iwakute Mtito Andei. Wakaanza kumhimiza dereva, mwanzo kwa utani, kisha kwa makelele. Dereva akaegesha kando, msaidizi wake akainama chini ya usukani kwa muda mfupi, na tulipoondoka basi halikuwa lile tena. Kila mtu alielewa kwamba kidhibiti mwendo kimekwisha kufanywa kilichofanywa. Baada ya Maungu tulilipita lori moja kwa namna ambayo lori la mbele yetu lililazimika kuingia vichakani ili tupite. Mtoto alilia. Hakuna aliyesema neno. Nasi tulikuwa tumekaa kiti cha tatu, tasbihi mkononi, kilemba kichwani, na watu wote wakitujua kuwa ni sheikh. Lau tungesema, huenda wangesikia. Tulifuturu Mtito Andei kwa wakati, na tende zile hatujazisahau.

Kwa hiyo mtu akituambia kuwa mitambo itamaliza ajali, tunakumbuka mkono ule chini ya usukani. Wenye umri wetu wanakumbuka pia kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004: kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa manjano, sare za wahudumu. Matatu ziligoma na watu wakatembea kwa miguu, lakini zilipopata kufuatwa, abiria alikaa kitini mwake kama binadamu. Kisha mikanda ikachakaa, nyaya zikakatwa, na kibao cha abiria kumi na wanne kikabaki ubavuni mwa gari kama pambo. Kanuni haikufutwa. Sisi abiria ndio tuliopanda gari lililojaa, tukasema “sogea kidogo.”

Hata hivyo mtambo wa leo si ule wa 2004. Kidhibiti cha zamani kikikatwa waya, hakuna aliyejua isipokuwa aliyekata. Kifaa cha sasa hupeleka taarifa mbali, na kikizimwa, kule kuzimwa kwenyewe ni taarifa. Jirani zetu wa Tanzania wamekuwa wakifuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa namna hii, chini ya mamlaka yao ya LATRA, na dereva akizidisha mwendo mlio husikika ndani ya basi. Mlio huo tunaupenda kuliko faini. Abiria anayeusikia hana tena udhuru wa kusema hakujua.

Je, ni upelelezi? Katazo la Suratul Hujurat, aya ya 12, ni la kutafuta aibu za watu zilizositirika. Dereva aliyebeba roho za watu katika njia ya umma hayuko katika sitara yake. Yuko katika kazi na amana. Historia yetu inamjua muhtasib, aliyezunguka sokoni mchana kweupe akikagua mizani na vipimo, wala hapana aliyesema amepekua nyumba za watu. Kifaa cha mwendo ni katika mlango huo. Basi jibu letu kwa yule mama ni kwamba kufuatilia gari kunajuzu, na inapokuwa kwa ajili ya watoto tunaona kunapendeza.

Kamera ya ndani ina hukumu iliyo karibu na hiyo lakini si hiyo hiyo. Humo wamo mabinti. Yumo mtoto anayelia, anayetapika, anayelala nguo imempanda. Picha hizo atakaa nazo nani? Kwa siku ngapi? Nani atazitazama, na ni kwa simu gani zitakazopitia? Hayo si maswali ya dini peke yake. Katiba ya Kenya, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Barua ile ya shule ilitaja bei. Haikutaja lolote kati ya hayo.

Na swali la watoto ishirini na wawili? Kifaa cha kufuatilia kitasema gari lilipita wapi, kwa kasi gani, na saa ngapi. Hakitasema kwamba watoto wawili wamepakatana mbele, wala kwamba tairi la nyuma limekuwa laini kama kigae. Kwa hilo panahitajika mtu: msimamizi mwenye orodha, na mzazi anayekataa. Kukataa kuna gharama, tunajua. Mama akimtoa mtoto katika gari la shule atampeleka na bodaboda, watatu nyuma, na hapo hatujui kama ameponya au ameongeza. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mama mmoja na mkoba wake.

Katiba, ibara ya 10, imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na sheria ya mwaka 2013 juu ya utungaji wa kanuni inamtaka mtungaji ashauriane na wale watakaoguswa. Mahakama zetu zimewahi kubatilisha kanuni kwa kukosekana ushauri huo. Vikao, ni kweli, mara nyingi huitwa asubuhi ya siku ya kazi, mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni hafiki. Lakini maoni ya maandishi hupokewa vilevile, na hayahitaji wakili wala Kiingereza. Yanahitaji jina la jambo, mahali linapotokea, na unachotaka kifanyike. Nanyi akina mama mkiambiwa sauti yenu haina mahali katika mambo kama haya, wakumbusheni kuwa iko sura nzima, Al-Mujadila, inayofunguliwa kwa habari ya mwanamke aliyepeleka malalamiko yake ya nyumbani, na Mola wake akamsikia kutoka juu ya mbingu saba.

Jumapili iliyopita akina mama kumi na mmoja wa darsa la Tena walikaa baada ya Adhuhuri wakaandika barua mbili. Ya kwanza ni ya shule. Wanakubali kifaa cha mwendo na watachangia. Wanataka idadi ya watoto isizidi viti, orodha ikae kwa msimamizi, na waelezwe kwa maandishi nani atahifadhi picha na kwa muda gani, la sivyo kamera isifungwe. Ya pili ni ya NTSA na nakala yake kwa mwakilishi wadi. Wanaomba taarifa za magari ya wanafunzi wazipate wazazi pia, si mwenye gari na mamlaka tu, na kwamba kanuni yoyote ya magari ya shule itaje waziwazi madereva wa kukodi, maana gari lile si mali ya shule. Hilo la mwisho sisi hatukulijua mpaka tulipolisikia kwao.

Barua zimetiwa saini na zitapelekwa Jumatatu. Mama wa ile karatasi ameomba azichukue yeye. Wasomaji wa Pwani wanaotaka kuiga muundo wake wanaweza kuuliza nakala kwa imamu wao, nasi tutampelekea inshallah.

Wabillahi tawfiq.