Kufikiwa si kushiba

Mara kwa mara huletwa vijijini mwetu miradi ya kilimo yenye ahadi kubwa. Mbegu hugawiwa, semina hufanyika, kisha ripoti huandikwa kwamba wakulima maelfu kadhaa "wamefikiwa". Sisi twauliza: je, kufikiwa ndiko kushiba?

Mfano tunao. Mwaka 2006 wakfu mbili za Marekani, Rockefeller na Gates, ziliasisi taasisi ya AGRA, yenye makao yake Nairobi. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 2020 kaya milioni 30 za wakulima wadogo barani Afrika ziwe zimeongeza mavuno na kipato maradufu. Mwaka 2022 ikatolewa tathmini ya kampuni ya Mathematica kuhusu awamu ya mwisho ya kazi hiyo. Wakulima zaidi ya milioni 10 walifikiwa, lakini lengo la kuinua kipato na uhakika wa chakula kwa wakulima milioni 9 halikutimia. Mahindi yaliongezeka katika baadhi ya nchi, ila walioongeza mavuno kwa kawaida walikuwa wanaume, wenye umri mdogo, na wenye uwezo kuliko wenzao.

Tuwe waadilifu. Tathmini hiyo iliagizwa na wafadhili wenyewe, na anayekubali kupimwa anastahili sifa. Hata hivyo, somo lake lisitupite. Anayenunua mbegu na mbolea kila msimu yampasa awe na fedha mkononi. Mjane anayelima shamba la kuazima hana. Akikopa, huuza mahindi mara tu avunapo, bei ikiwa chini, kisha huyanunua tena miezi ya njaa, bei ikiwa juu. Gunia limeongezeka, chungu kimebaki kitupu.

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za nchi ya Misri, alitaja sifa mbili: uhifadhi na ujuzi. Chakula cha watu ni amana, na amana ina hesabu. Kwa hiyo mradi ukija, wazee na viongozi wa kijiji waulize mapema: Nani hana ardhi wala mtaji, naye amewekewa nini? Udongo utakuwaje mradi ukiondoka? Na baada ya miaka mitatu, nani atarudi kumuuliza mjane yule alikula mara ngapi kwa siku?

Wala tusiwanyooshee wengine kidole tukajisahau. Kamati zetu zigawapo futari na zaka, nazo hutangaza idadi ya mifuko ya unga. Ni mara chache tunarudi kuuliza ni nyumba ipi ilirukwa kwa kuwa mwenyewe aliona haya kujipanga foleni. Kipimo tunachowadai wafadhili na tuanze nacho misikitini mwetu, Ijumaa hii.